Kukimbia nje kwenye baridi na upepo: mimi ndo mbovu au upepo ndo una shida?

mwanzo_mgumu (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nina miezi saba tu tangu nianze kukimbia. Nilianza kipindi cha joto, mambo yakawa matamu, 10km nikawa namaliza dk 58 au 59 nikajiona nimeshakuwa mtu. Sasa msimu umegeuka, asubuhi ni nyuzi 4, nyuzi 5, siku nzuri sana 7, na upepo ndo usiseme, unavuma kutwa nzima kama unanidai.

Jumamosi iliyopita yamenikuta. Nilitoka na fulana ya pamba, juu yake sweta zito la kofia, chini traksuti. Upepo ulikuwa mgongoni. Aisee nilikuwa napaa! 5km ya kwanza dk 27 ambayo sijawahi kuifikia maishani, jasho linatiririka, sweta nikalivua nikalifunga kiunoni, naimba kabisa. Nikageuza. Wakuu, pale nilipogeuza nilikutana na ukuta. Fulana imelowa chapachapa, upepo unapita kama sijavaa kitu, nikalivaa tena sweta nalo limeshalowa upande wa kiunoni, machozi yananitoka watu wananipita wananiangalia kwa huruma kama nimefiwa, nikachoka nikaanza kutembea na kutembea ndo kukaharibu kabisa. Nafika mlangoni vidole havikamati ufunguo. Nimesimama pale nalitafuta tundu la kitasa kama mlevi mpaka nikashindwa, nikagonga kwa kiwiko, mke wangu akaja kufungua. Hakusema kitu, aliniangalia tu. Baadaye ndo alisema, na alisema sana, kwamba nitapata nimonia.

Usiku mzima nikakohoa kikohozi kikavu, kifua kama kimepigwa msasa.

Sasa naomba kueleweshwa: ni kweli kukimbia kwenye baridi kunaharibu mapafu? Mnavaa nini nyie mnaokimbia mwaka mzima? Na mbona nimekuwa mzito ghafla, 10km sasa dk 65, 66, nimerudi nyuma au ni upepo? Nina mbio za 21km baada ya wiki saba na mashine ya kukimbilia ndani siiwezi, dakika kumi tu naona kama nimefungwa jela.

Nawasilisha.

kobe_wa_alfajiri

Pole mkuu, ila hapo kwenye ufunguo nimecheka maana wote tumepita hapo. Kosa lako halikuwa baridi wala mwili wako. Ulianzia upande usio wenyewe.

Fikiria hivi. Tuseme unakimbia kilomita 10 kwa saa na upepo unavuma kilomita 10 kwa saa kutoka nyuma yako. Hapo wewe na hewa mnakwenda pamoja, yaani kwako hakuna upepo kabisa, hewa imetulia kama uko ndani ya chumba, jasho halikauki, unachemka, unavua sweta. Ukigeuza, zile 10 zako na 10 za upepo zinajumlishwa, unapigwa na 20 usoni na kifuani, tena umeshalowa. Maji yanaondoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo ile fulana ya pamba haikuwa nguo tena, ilikuwa kitambaa cha kumpoza mgonjwa wa homa. Na ukija kuchoka ukatembea, lile jiko la ndani linazimika na upepo bado uko palepale. Ndo maana kutembea kulikumaliza.

Dawa yake ni ya kizamani na haina gharama yoyote: TOKA NA UPEPO USONI, RUDI NAO MGONGONI. Unaanza mkavu, una nguvu, unateseka mapema, ukishalowa jasho unageuza upepo unakusukuma nyumbani. Kabla sijatoka huwa natazama matawi ya miti yanalala wapi, au simu inanionyesha upepo unatokea upande gani, ndo nachagua njia. Kama njia yako ni ya mzunguko hakikisha ile nusu ya kwanza ndo inayokula upepo mwingi.

Jambo la pili, acha kusoma nyuzi peke yake. Soma nyuzi pamoja na upepo. Kuna hesabu ya "baridi inavyohisiwa", ilianza Antaktika miaka ya 1940, watafiti wawili, Siple na Passel, walitundika chombo cha maji nje kwenye upepo wakapima kinachukua muda gani kuganda. Marekani na Kanada wakaja kuitengeneza upya mwaka 2001 na ndo inayotumika mpaka leo. Kwa fomula hiyo nyuzi 5 zako ukiziwekea upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 0. Nyuzi -10 kwa upepo huohuo inakuwa kama -20. Na hiyo ni ya mtu anayetembea, hawakumhesabu mtu anayeukimbilia upepo kama wewe.

JasiriHaoni

Baridi ni akili tu. Mimi nyuzi 0 fulana na kaptula, km 1 tu mwili umechemka. Mnadekezana humu.

Shangazi Raba

JasiriHaoni mwanangu, wewe tutakuja kukuokota barabarani siku moja 😂

Mleta mada marahaba. Nina miaka 54, nakimbia mwaka wa kumi na tisa huu, msimu wa baridi sijawahi kulala ndani kwa sababu ya nyuzi, kwa sababu ya upepo ndiyo nimelala mara kadhaa na sioni aibu. Nikuambie kuhusu nguo kwa sababu naona hapo ndipo ulipoangukia.

Kwanza hiyo fulana ya pamba iweke kabatini ikusubiri joto. Pamba inakunywa jasho halafu inalikumbatia. Ndani kabisa, kinachogusa ngozi, vaa ile fulana ya kitambaa cha michezo, polyester, au sufu laini ya merino, ambayo jasho inalitoa nje na ikilowa haikugandi. Ikubane kidogo. Juu yake, hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanatafuta kitu KIZITO wakati kinachotakiwa ni kitu kinachoZUIA UPEPO. Sweta lako lina matundu elfu, upepo unapita tu. Jaketi jembamba la kuzuia upepo, lile ambalo ukilikunja linaingia mfukoni, linalishinda hilo sweta mara mbili. Jaribio langu la kulinunua ni rahisi, naweka kitambaa mdomoni napuliza. Pumzi ikipita narudisha. Ila lisiwe la plastiki tupu lisilopumua, ukivaa hilo utajipika kwa jasho lako mwenyewe. Na liwe na zipu ndefu mbele, zipu ndiyo kiyoyozi chako, upepo wa usoni unapandisha mpaka kidevuni, ukigeuza unashusha mpaka kifuani bila kuvua chochote. Wewe ulivua, ndiyo maana ulilowesha vyote.

Kipimo cha wingi wa nguo: vaa kama vile nje kuna joto la nyuzi kama 10 zaidi ya zilizopo. Yaani zikiwa 5 vaa kama mtu anayekwenda kutembea nyuzi 15. Dakika kumi za kwanza unatakiwa uone baridi. Ukitoka mlangoni ukiwa na raha basi umevaa kupita kiasi, rudi upunguze.

Halafu vidole. Damu ikiona baridi inakimbilia katikati ya mwili, vidole na masikio vinaachwa yatima. Nyuzi 5 na upepo, glovu ni lazima, hata ukiwa na kaptula. Kama mikono yako ni ya baridi sana tumia mitini, zile vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vinapashana joto. Kichwani mzula mwepesi au hata mkanda wa kufunika masikio. Shingoni lile shati-shingo la mduara, bomba la kitambaa, unalipandisha mpaka puani upepo ukija unalishusha ukiondoka. Miguu haina shida sana kwa sababu ndiyo inayofanya kazi, taiti moja inatosha, ila kama raba zako zina matundu makubwa ya hewa mbele, soksi za sufu.

Wanaume nawaachia wenyewe mwambiane lile jambo jingine.

mkata_upepo

Hahaha shangazi amekimbia sehemu yenyewe. Basi niseme mimi: mleta mada, mbele ya traksuti yako pawe na kitambaa cha kuzuia upepo, zipo chupi za kukimbilia zenye hicho kipande. Sio utani, mwaka 1977 daktari mmoja Marekani alikwenda kukimbia nusu saa kwenye baridi ya nyuzi -8 na upepo, amevaa suruali nyepesi ya polyester na chupi ya pamba, akarudi na majanga huko chini, akaandika barua kwenye New England Journal of Medicine kuwaonya wenzake. Jarida zito kabisa la madaktari. Tangu niisome hiyo mimi sijawahi kusahau kuvaa.

Turudi kwenye spidi maana naona wenzangu wameiruka.

Mkuu hujarudi nyuma. Nguvu ya hewa kukuzuia haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba. Chukua wewe unakimbia 10 kwa saa siku isiyo na upepo, hewa inakuzuia tuiite 1. Upepo wa 20 ukija usoni unakutana na 30, yaani mara tatu, lakini nguvu yake inakuwa mara tisa, 9. Sasa upepo huohuo wa 20 ukiwa mgongoni unakupita kwa 10 tu, kwa hiyo unakusukuma kwa nguvu ya 1. Piga hesabu: usoni umeongezewa mzigo wa 8, mgongoni umepata nafuu ya 2. Halafu mtu anakwambia "si unarudi nao, utafidia". Hufidii! Siku ya upepo njia ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa sawa na siku tulivu hata uwe nani, na kadiri unavyotumia muda mwingi upande wa mateso ndivyo unavyozidi kupunjwa.

Kwa hiyo ile 5km ya dk 27 haikuwa yako, ulikopeshwa. Na hizi dk 66 sio zako pia.

Ninachofanya mimi siku za upepo saa naigeuza, au naificha ndani ya mkono wa jaketi. Nakimbia kwa pumzi. Kama ni zoezi la polepole natakiwa niweze kuongea sentensi nzima, basi upepo ukinipiga nikashindwa kuongea napunguza mpaka niweze, hata kama nitapitwa na mtu anayetembea na mbwa wake (nimeshapitwa). Ukilazimisha spidi ya kawaida kwenye upepo wa mbele unageuza zoezi jepesi kuwa mashindano, ukifanya hivyo mara nne kwa wiki ndo unafika wiki ya mbio miguu imekufa.

Ufundi kidogo: hatua fupi na za harakaharaka, usiruke juu maana ukiwa hewani upepo ndo unakurudisha. Inamia mbele kidogo kutokea kwenye vifundo vya miguu, sio kukunja kiuno kama unatafuta sarafu iliyodondoka. Mabega yashushe. Watu wengi wakiona upepo wanakunja ngumi na kupandisha mabega mpaka masikioni, wanamaliza wanaumwa shingo kisha wanasema ni mto wa kulalia.

Na siku ya mbio usiwe shujaa, JIFICHE. Mwaka 1971 mtafiti Griffith Pugh, yule aliyekuwa mwanafiziolojia wa safari ya Everest ya 1953, alipima akaona ukikimbia mita moja nyuma ya mtu unaokoa sehemu kubwa sana ya nguvu ambayo ungeitumia kupambana na hewa. Alipima kwa spidi za wakimbiaji hodari, mwendo wa mita 6 kwa sekunde, ila sisi wa polepole tukikutana na upepo mkali wa mbele tunakuwa kwenye hesabu zilezile. Kipchoge kule Vienna 2019 alipokimbia marathoni (km 42) kwa 1:59:40 unadhani wale wenzake walikaa mbele yake kwa umbo maalum kwa mapambo? Walikuwa ukuta. Ila ustaarabu mkuu, mkijificha mpokezane, usimnyonye mtu km 15 nzima halafu mita 200 za mwisho unampita unainua mikono.

kobe_wa_alfajiri

Naongezea kidogo hapo kwa mkata_upepo, kuna mfano mzuri. Marathoni ya Boston, Marekani, 2011 upepo ulikuwa mgongoni karibu njia nzima, Mkenya Geoffrey Mutai akakimbia 2:03:02 wakati rekodi ya dunia ilikuwa 2:03:59 ya Gebrselassie wa Ethiopia. Haikuhesabiwa kuwa rekodi. Ile njia inaanzia sehemu moja inaishia nyingine mbali na inashuka kupita kinachoruhusiwa, kwa hiyo upepo ukiamua kukupenda unakupenda kilomita zote 42. Siku hiyo ulimpenda Mutai. Miaka saba baadaye njia ileile upepo uligeuka.

Na hapa ndugu yangu JasiriHaoni nakujibu kwa heshima. Una haki nusu. Wewe unakimbia dakika 30 kwa kasi, mwili unatengeneza joto kuliko upepo unavyoliiba, unarudi nyumbani unaoga. Sawa. Shida ni yule wa saa mbili na nusu ambaye km 16 anaishiwa nguvu anaanza kutembea. Boston 2018, Aprili 16, baridi nyuzi kama 4, mvua inamwagika, upepo wa mbele wa nguvu. Hao ni watu wenye miili ya chuma na wakaacha mbio kwa wingi, wengine wakatolewa wanatetemeka hawajiwezi. Kwa wanaume Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa mbele mwenyewe, mwishoni akaganda, Yuki Kawauchi wa Japani akampita akashinda kwa 2:15:58, muda ambao bingwa wa wanaume pale hajawahi kuwa mzito kiasi hicho tangu miaka ya 1970. Kwa wanawake Desiree Linden alifikiria kuacha mapema kabisa, akaona basi awasaidie wenzake, akamsubiri Shalane Flanagan alipokwenda chooni ili amrudishe kwenye kundi, akaendelea hivyohivyo, mwisho wa siku akashinda yeye. 2:39:54. Na alimaliza amevaa jaketi lake. Jaketi! Mshindi!

JasiriHaoni

Sawa mwalimu 😂 hiyo ya jaketi nimeikubali. Ila nyuzi 0 dakika 30 sivai.

mwanzo_mgumu

Daah nimejifunza vitu humu kuliko miezi saba yote. Ile hesabu ya 8 na 2 nimemsomea mpaka mke wangu, akasema "kwa hiyo na hesabu inakwambia ukae ndani".

Ila bado kifua. Kikohozi kilikata siku ya pili lakini kinanitisha, na nyumbani neno ni moja tu, nimonia. Kuna mtaalamu?

nesi_wa_zamu

Mimi ni nesi na ni mkimbiaji pia, wa pole sana, nikujibu kabla sijaingia kazini.

Mapafu hayagandi. Hewa ikipita puani na kooni inapashwa joto na kutiwa unyevu, ikifika ndani kabisa imeshakuwa ya joto la mwili. Kinachokuumiza ni ukavu zaidi hata ya baridi. Hewa ya baridi inabeba unyevu kidogo sana, na ukikimbia kwa nguvu unapumua mdomoni hewa nyingi kwa haraka, njia za hewa zinakauka, zinawashwa, unakohoa. Wewe ulirudi ukiwa unapambana na upepo unahema kama mbuzi anayekimbizwa, lazima ukohoe. Kikohozi cha masaa machache kikaisha chenyewe sio nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, haiingii kwa sababu umepigwa upepo, mwambie shemeji hivyo taratibu, usimwambie kwa kushinda.

Cha kufanya: lile bomba la kitambaa alilosema Shangazi livute mdomoni na puani, unaivuta tena ile hewa yako yenye unyevu na joto. Litalowa, kwa hiyo safari ndefu lizungushe upande mkavu uje mbele. Dakika kumi za kwanza ziwe za polepole kabisa, na mazoezi ya kasi siku ya upepo wa baridi yahamishie siku nyingine.

LAKINI. Kama kifua kinabana, unasikia filimbi ukipumua, na inakutokea kila ukikimbia kwenye baridi, hiyo sio ya kujikaza, nenda ukapimwe, huenda njia zako za hewa zinabana kwa sababu ya mazoezi na ina dawa. Mwenye pumu atembee na pampu yake, aiweke ndani karibu na mwili. Na maumivu ya katikati ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda kwenye taya simama hapohapo uombe msaada, baridi inabana mishipa ya damu na moyo unafanya kazi zaidi, hasa kwa watu wazima na wenye presha.

Kuhusu vidole. Nyuzi zikiwa juu ya 0, upepo uwe mkali namna gani, ngozi kavu haiwezi kuganda, kwa sababu upepo unakupoza haraka lakini haukupozi chini ya hewa yenyewe. Zikishuka chini ya 0 hapo ndo habari ya pua, masikio na vidole kuungua kwa barafu inaanza, ngozi inakuwa nyeupe au kijivu, ngumu, haina hisia. Ukiona hivyo ingia ndani, pasha kwa maji ya uvuguvugu sio ya moto, na USISUGUE. Kuna watu vidole vinakuwa vyeupe kabisa kama mshumaa hata kwa nyuzi 8, ikiwa ni kawaida yako mwambie daktari.

Kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni mwili wenyewe kupoa, joto la ndani kushuka chini ya 35. Dalili ni zile ulizoelezea ukiwa unacheka: mtu anatetemeka, vidole havishiki, anajikwaa, anaongea kama ulimi mzito, anaanza kufanya maamuzi ya ajabu. Ile ya kutafuta tundu la kitasa kama mlevi mimi sikucheka sana. Na mtu aliyekuwa anatetemeka akiacha kutetemeka wakati bado yuko kwenye baridi, hajapona huyo, hali ndo imeharibika, ita msaada haraka.

Ukifika nyumbani usikae kwenye kiti unachezea simu na nguo mbichi. Vua vyote dakika hiyohiyo, vaa vikavu, mzula mkavu, kinywaji cha moto, ndo ufungue simu utuambie umekimbia ngapi. Na kunywa maji, kwenye baridi kiu inapotea na mkojo unaongezeka, mtu anarudi amekauka na hajui.

PumziNdefu

Vidogo ambavyo havijatajwa: upepo ukivuma hausikii magari nyuma, kwa hiyo acha vile vya masikioni nyumbani. Simu ikae kwenye mfuko wa ndani, betri inakufa haraka kwenye baridi na utaihitaji siku ile usiyoitarajia. Miwani yoyote, hata ya bei ya chini, inamaliza yale machozi. Mafuta ya mgando kwenye midomo na mashavu, na kwenye chuchu kwa wanaume, fulana yenye unyevu ikisugua hapo kwa 15km utaelewa nachosema ukiingia bafuni.

Njia pia. Ule upepo wa utabiri unapimwa juu, kama mita 10 kutoka ardhini mahali pa wazi, kwa hiyo chini kwenye miti au nyumba fupi unakuwa mdogo. Ila kati ya majengo marefu unabanwa unakuja kama bomba limepasuka, na madaraja ndo usiseme. Miti nayo upepo ukizidi ni hatari kwa matawi. Mimi nikiona inapiga kilomita 60 kwa saa nalala, nafanya mazoezi ya nguvu sebuleni.

mwanzo_mgumu

Wakuu nimerudi, siku tisa baadaye, na ripoti.

Nimenunua jaketi jembamba la upepo (nilipuliza dukani kama shangazi alivyosema, muuzaji alinishangaa), fulana moja ya michezo ya mikono mirefu, na mitini. Bomba la shingoni amenipa mke wangu mwenyewe.

Mara ya kwanza nilivaa sana, nikaogopa, nikaongeza na ile fulana ya pamba katikati, 3km nimeiva. Nikaitoa, nikabaki nayo mkononi safari nzima kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima.

Leo sasa. Nyuzi 3, upepo simu inasema 28, nikatoka nao usoni. Saa ndani ya mkono wa jaketi. 5km za kwanza zilikuwa ndefu kuliko dini, hatua fupifupi, kuna mzee aliyekuwa anatembea akanipungia mkono na sikumwacha mbali sana. Kwenye kona kuna ukuta mrefu nikafika nyuma yake, nikaelewa maana ya kujificha, ghafla kimya, nikasikia hadi raba zangu. Nikageuza. Zipu chini. Sikuimba maana nimejifunza, ila nilikuwa na uwezo wa kuimba. 10km dk 63 na nimefika mlangoni nina joto, ufunguo nimeufunga kwenye kamba pana naweza kuukamata hata na mitini, nikafungua mwenyewe mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa ameshasimama ndani anasubiri kunifungulia, sijui kama alifurahi au aliudhika. Kikohozi kidogo tu, kimeisha nikiwa naoga.

JasiriHaoni naona uko mtandaoni, leo ulivaa nini?

JasiriHaoni

Usiulize. Glovu.

mwanzo_mgumu

😂😂 Shangazi swali la mwisho kabla sijalala. Pua. Leo imetiririka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sina mafua, na kitambaa cha karatasi kilishaoza mfukoni km ya pili. Mnafutia wapi?

Shangazi Raba

Mgongo wa kidole gumba mwanangu. Zitazame hizo mitini zako vizuri, nyingi za kukimbilia pale wameweka kipande laini makusudi. Halafu uwe unazifua.